Siri ya Kipofu Mbele ya Tovuti

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa Nakuru, mkazi wa mtaa wa Bondeni, mtu aliyeondokewa na nuru ya macho tangu utotoni mwake. Suala lake ameliandika mwenyewe kwa simu yake, ile ya kisasa isomayo maandishi kwa sauti, wala hakumtaka mtu amwandikie. Twamuomba msomaji alishike jambo hili dogo, kwani tutalihitajia huko mbele.

Asema kwamba mwanawe amefaulu kuingia shule ya sekondari, naye hana uwezo wa kulipa karo yote. Akaambiwa kuwa pana msaada wa karo, na kwamba maombi yake hayapokelewi tena kwa karatasi, bali hujazwa katika tovuti peke yake. Ofisi yenyewe hatutaitaja, kwani haja yetu si kumfedhehesha mtu. Basi akaufungua ukurasa. Simu yake, ambayo humsomea barua na habari za magazeti bila ya taabu, ikaanza kumtajia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe," isimwambie hiki ni cha nini na kile ni cha nini. Akapapasa mpaka akafika mwisho wa ukurasa, na huko akaambiwa kuwa pana picha ya herufi zilizopindwapindwa, atakiwa azitambue kwa macho ili ithibitike kuwa yeye ni mwanadamu wala si mashine. Twalitaja sharti hili kama lilivyo, na msomaji atajionea mwenyewe uajabu wake.

Akaenda saiba. Kijana wa pale, ambaye ndugu yetu hamtuhumu kwa nia mbaya yoyote, akawa anamuuliza maswali ya fomu kwa sauti kubwa, kwa kuwa nyuma yake pana foleni na mashine ya kuchapisha inavuma. Mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani? Nyumba ni yako au umepanga? Choo mwakitumia peke yenu au na majirani? Una deni? Kisha akamtaka nambari ya kitambulisho na neno la siri, akayaandika yote katika daftari, ili mzee asije akasahau. Hazikupita siku nyingi, ndugu yetu akasikia hali ya nyumba yake ikisimuliwa barazani kwa jirani.

Atuuliza mambo matatu. Je, amefanya kosa kwa kuitoa siri ya nyumba yake? Je, yule aliyeutengeneza ukurasa ule ana jukumu lolote mbele ya Mola wake, au yeye ni fundi tu aliyefanya kazi na kulipwa? Na je, haya yote ni fungu lake alilopewa, yapasa asubiri na kunyamaza?

Jambo la kwanza halina haja ya maneno mengi. Hakukosa. Alikuwa na haja ya kweli, na mlango mwengine hakuachiwa. Mwenye kulazimishwa haulizwi kama yule aliyechagua, na jambo hili halina khitilafu. Aibu iliyompata si yake. Na lau jirani angeyajua maana ya jirani, asingeyachukua barazani yale aliyoyasikia.

Jambo la pili ndilo lililotuweka darasani mpaka usiku ukawa mkubwa, kwani baadhi yetu walisema kwamba fundi hana neno. Yeye, walisema, hakumzuia kipofu. Amejenga ukurasa wake kwa ajili ya watu wote, na kipofu hakuweza kuuona, kama vile asivyoweza kuuona mnara wa msikiti au Ziwa Nakuru. Aliyejenga mnara hana kosa juu ya asiyeuona. Hoja hii ina sura nzuri, na ndiyo watu wengi waliyonayo vifuani mwao hata kama hawaitamki. Lakini haisimami mbele ya mwenye kuijua kazi yenyewe, na ndiyo sababu twataka kuieleza kazi hiyo, ijapokuwa baadhi ya wasomaji wetu wataona twaingia katika ufundi.

Kitabu cha karatasi ni bubu kwa kipofu. Wino haukwaruzi kidole wala hausemi. Kwa sababu hii, yule Mfaransa Louis Braille, naye ni kipofu, alipobuni maandishi yake ya nukta mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, ilibidi kila kitabu kifanywe upya kwa nukta ndipo kisomwe. Kutomfanyia kipofu kitabu cha nukta ni kuacha kumuongezea kitu; mtu aweza kusema kuwa ni upungufu wa hisani. Ama maandishi ya kompyuta si hivyo. Ndani ya mashine herufi haina umbo. Alifu na be zimewekwa kama nambari, na nambari hiyo mashine yaweza kuitoa kwa sura tuionayo kiooni, au kwa sauti, au kwa nukta za Braille zinazoinuka chini ya vidole. Zote tatu ni sawa kwake. Kwa asili yake, basi, ukurasa wa tovuti uko wazi kwa mwenye macho na asiye nayo, jambo ambalo halijapata kuwa tangu wanaadamu walipoanza kuandika.

Na programu ya kuzigeuza herufi ziwe sauti si kitu cha matajiri. Simu nyingi za siku hizi, hata za bei nafuu, huja nayo ndani. Kwa kompyuta iko moja iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana kipofu wa Australia, kisha akaungana naye James Teh, kipofu mwenziwe. Nao waliitoa bure kwa ulimwengu mzima, kwa kuwa zilizokuwako sokoni bei zake zilikuwa nzito. Programu hii yajua hata Kiswahili. Ni kweli kwamba fundi asipoandika katika ukurasa wake kuwa lugha iliyomo ni Kiswahili, huenda mashine ikamsomea Mswahili maneno yake kwa matamshi ya Kizungu, na hapo msikilizaji hucheka kwanza kisha akachoka.

Sasa tutazame alilolifanya fundi wa ukurasa ule wa karo. Kitufe chenye alama ya bahasha au ya mshale, asikitie jina lake ndani. Mashine itasema nini ila "kitufe"? Tangazo la masharti, badala ya kuliandika kwa herufi, akalifanya picha. Na picha isiyopewa maelezo ni ukuta. Visanduku vya kujaza, asivifunge na majina yake, ikawa mtu asikia "andika hapa" asijue aandike jina la baba au nambari ya shule. Fomu akaifanya isiendeshwe ila kwa kidole kilengacho mahala maalumu, asikumbuke aliye na mkono utetemekao wala atumiaye vibonye peke yake. Kila moja katika haya ni kufunga mahala palipokuwa wazi, wala si kuacha kufungua palipofungwa. Na wanavyuoni wetu tangu zamani wametofautisha baina ya mtu asiyemchotea mwenziwe maji na mtu anayekifunika kisima.

Tena katika Hadithi yamekuja maonyo makali juu ya mtu ampotezaye kipofu njia. Zamani tulikuwa tukisoma darasani onyo hili tukifikiria mtu muovu asimamaye barabarani na kumuelekeza asiyeona shimoni kwa kumfanyia mzaha, na huenda wengine walijiuliza ni nani awezaye kufanya uovu kama huo. Fundi hakukusudia mzaha, hilo twalikubali, na asiyekusudia hawi sawa na aliyekusudia. Lakini mtu akiambiwa mara moja kuwa njia yake yawapoteza vipofu, kisha akaiacha vilevile mwaka baada ya mwaka, hatuoni tena anategemea udhuru gani. Mwongozo wa kazi hii uko wazi: shirika la W3C, aliloliasisi Tim Berners-Lee mwaka 1994, lilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1999, na ule wa toleo la 2.2 mwaka 2023. Fundi ambaye hajapata kuusikia katika miaka yote hiyo hajui kazi yake. Na aliyempa kazi, akampokelea bila ya kuuliza, anashirikiana naye.

Wako watakaotuambia: mbona mwalifanya kubwa jambo ambalo dawa yake ni mtu wa kusaidia? Babu zetu wasiojua kusoma walikwenda kwa mwandishi wa barua, aliyekaa na meza yake karibu na posta, akawaandikia mpaka mambo ya wake zao, na hakuna aliyelia kuwa ameonewa. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya mnara, na yataka jibu la haki.

Twajibu kuwa yule babu alimchagua mwandishi wake. Alimtafuta mtu mzima, mwenye kuogopa Mungu, akamuendea wakati hakuna watu. Na akimtilia shaka, alimwacha akenda kwa mwengine, au alikwenda mwenyewe kwa karani wa serikali akasema kwa mdomo wake, kwani dirisha la karani lilikuwa wazi. Tena barua ilikuwa moja. Ikishafungwa na kutiwa stempu, mwandishi hakubakiwa na ufunguo wa kuingia katika barua zote zitakazoandikwa baadaye. Neno la siri si barua. Alipewaye leo kwa ajili ya karo aweza kesho kuingia katika mambo ya kodi, au ya ardhi, au ya cheti cha kuzaliwa. Serikali ya Kenya ilianza tovuti ya eCitizen mwaka 2014, na ilipofika mwaka 2023 ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimetiwa humo. Hata kujiandikisha katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwapitia huko. Mambo ya mtu yakishakusanywa nyumba moja, mwenye kushika ufunguo wake ameshika maisha yake.

Na liko jambo jengine, nalo ndilo twaliona kuwa moyo wa suala lote. Iko namna ya umasikini ambao mwenyewe huusitiri, akawa asiyemjua humdhania kuwa ni tajiri kwa vile ajizuiavyo kuomba; na watu wa namna hii wamesifiwa katika Sura ya Al-Baqara. Ndugu yetu wa Bondeni ni katika hao. Ameishi miaka yote akivaa kanzu iliyopigwa pasi na kuwapa wageni chai. Mwenye macho aliyeomba karo siku ileile, katika tovuti ileile, aliyajibu maswali yaleyale ya mapato na choo na deni chumbani mwake usiku, hapana aliyejua ila Mungu na karani. Huyu wa pili ilimbidi aseme mbele ya foleni. Wote wawili wamepata msaada wa karo, twaweza kusema, na kwa hesabu ya pesa wamekuwa sawa. Lakini mmoja amelipa kwa sitara yake na mwengine hakulipa kitu. Msaada wa kijana wa saiba, hata awe mwema vipi, hauwezi kumrejeshea sitara, kwa kuwa wenyewe ndio ulioiondoa. Kwa hivyo kusema "atafutiwe mtu wa kumsaidia" ni kuutaja ugonjwa kwa jina la dawa.

Sheria ya nchi nayo hailikanushi hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani zisifichuliwe pasipo lazima. Na kifungu cha 54 chawataja watu wenye ulemavu kwa heshima yao na kwa haki yao ya kupata habari. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao mwaka 2008. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kulinda habari za watu. Shirika la Viwango la Kenya lilitoa mwaka 2022 kiwango KS 2952, ambacho chaeleza namna mitambo na huduma za mawasiliano zipasavyo kutengenezwa ili watu wenye ulemavu wazitumie. Na tarehe 8 Mei 2025 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahala pa ile ya mwaka 2003. Karatasi, basi, zimetosha. Kilichobaki ni kuwa mwenye kupewa zabuni ya kutengeneza tovuti hajaulizwa juu yake siku ya kuikabidhi.

Ama wale wasemao kwamba watu hawa ni wachache, twawaambia kwanza kuwa haki haipimwi kwa vichwa. Na kama watataka vichwa, sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya wenye ulemavu kuwa yapata laki tisa, yaani asilimia 2.2 ya waliotimia miaka mitano na zaidi, nao hao ni waliojitaja. Katika mabonde yetu haya ya kati, jirani wa Nakuru kwa upande mmoja ni Baringo na kwa upande mwengine ni Narok, ambako ugonjwa wa vikope, huo uitwao trakoma, umekuwa ukiwapofua watu tangu zamani. Nao wakishuka kutafuta huduma hushukia Nakuru, mji uliopewa daraja ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tena tusisahau uzee. Mtoto wa jicho na presha ya macho haviulizi mtu ana cheo gani. Mwenye kuitengeneza tovuti akiwa na miaka 25 ataihitajia yeye mwenyewe akiwa na 70, na huenda wakati huo fundi wake awe kijana asiyejali kama alivyokuwa yeye.

Na gharama? Hoja hii imekwisha kuletwa mbele ya mahakimu wa nchi nyengine. Mwaka 1999 kipofu mmoja wa Australia, Bruce Maguire, aliishitaki kamati ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa kuwa tovuti yake haikusomeka kwa chombo chake. Kamati ikadai kuwa kuitengeneza kutakula mali nyingi mno na muda mrefu mno. Tume ya haki za binaadamu ikasikiliza mashahidi wajuao kazi, haikukubali, na mwaka 2000 kamati ikaamrishwa imlipe dola 20,000 za nchi ile. Wajuao kazi husema kila siku kuwa kukitia kitufe jina wakati wa kukijenga ni kazi ya dakika. Kinacholeta gharama ni kuibomoa nyumba iliyokwisha jengwa. Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili, ambao kila aliyejenga nyumba Mji wa Kale ajua bei ya kutoboa mlango katika ukuta wa mawe ulioachwa bila mlango.

Tumelichelewesha suala la tatu, la kusubiri na kunyamaza, kwa kuwa ndilo lenye madhara zaidi kati ya watu wetu. Mara ngapi tumesikia, kipofu au kiziwi akilalamika juu ya jambo kama hili, aambiwa: subiri, ni kadari ya Mungu, utalipwa Akhera. Maneno ni ya kweli na mahala pake si hapa. Kuondoka kwa macho ni kadari, na subira juu yake ina malipo makubwa. Lakini kitufe kisicho jina hakikushuka mbinguni. Kimeandikwa na mtu, katika afisi yenye umeme, kwa mshahara, na chaweza kubadilishwa kesho kabla ya adhuhuri. Kumnyamazisha mwenye kudhulumiwa kwa neno la kadari ni kumzulia Mungu jambo lililofanywa na mkandarasi. Twashangaa kwamba watu wale wale, barabara ya mtaani kwao ikichimbika, hawasemi ni kadari. Huenda kwa mwakilishi wa wadi wakapiga kelele.

Na kila Mwislamu aijua Sura ya Abasa na sababu ya kushuka kwake. Alikuja Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, kutaka kufunzwa, wakati Mtume (S.A.W.) yu katika mazungumzo na wakuu wa Makureshi akitumai wasilimu. Akakunja uso. Kukunja uso huko, ambako kipofu hakukuona wala hakungemdhuru, ndiko kulikoshukiwa na lawama inayosomwa mpaka leo. Wafasiri wengi hutuonyesha hapa daraja ya kipofu yule, na ni sawa. Twataka kuongeza kutazama jambo moja: hakuja kutaka sadaka. Alikuja kutaka elimu, ile ile waliyokuwa wakipewa wakuu, na kuipata mwenyewe kwa masikio yake, si kuletewa habari yake na mtu mwengine baada ya baraza kuvunjika. Huyu baadaye akawa muadhini, na Mtume akamwachia Madina zaidi ya mara moja alipotoka safarini. Umma huu umewahi kufundishwa na vipofu tangu Qatada mpaka Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia hadi kufa kwake mwaka 1999. Na katika vyuo vyetu vya pwani mtoto asiyeona alikaa mkekani pamoja na wenziwe, akahifadhi kwa sikio wakati wenziwe wakisoma ubaoni, na mara nyingi akawatangulia. Chuo kile cha mkeka hakikumtenga. Yasikitisha kuwa mashine yenye sauti ndiyo imtenge.

Kabla ya kuwanyooshea wengine vidole, natutazame yanayopita katika simu zetu. Misikiti na madrasa nyingi, Mombasa na Nakuru pia, hutangaza mazishi, darasa, na kuandama kwa mwezi kwa picha iliyopambwa maua na kuba, maneno yote yakiwa ndani ya picha. Ratiba ya Ramadhani huletwa vivyo hivyo. Kipofu akiifungua, simu yamwambia "picha", basi. Jenaza huswaliwa na kuzikwa naye hajui ni ya nani, ilhali ujumbe umo mfukoni mwake. Hapa hapana zabuni wala mkandarasi wala bajeti ya serikali. Kuyaandika maneno yale yale chini ya picha ni kazi ya anayepeleka, na twawaomba makatibu wa misikiti waianze wiki hii.

Tukirudi kwa fundi na aliyempa kazi, maoni ya darasa letu ni haya. Kuijua kazi hii ni katika faradhi za kifaya: yafaa wawepo katika kila mji watu waijuao, na wasipokuwapo, wote wenye uwezo wa kujifunza watakuwa na sehemu ya jukumu. Vijana wetu wanaosoma kompyuta pale Nakuru, na Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, wasiridhike kuwa ukurasa wapendeza machoni. Wazime kioo, wavae visikilizio, wajaribu kuijaza fomu yao wenyewe mwanzo hata mwisho kwa kusikiliza. Na bora ya hilo ni kumuita asiyeona aujaribu ukurasa kabla haujatolewa, na kumlipa ujira wake kama mtaalamu alipwavyo, kwani hakuna aijuaye njia hii kuliko yeye. Wajuzi hawakosekani: tangu mwaka 2009 shirika la inABLE, lililoasisiwa na Bi Irene Mbari-Kirika, limekuwa likiwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona, likianzia Shule ya Vipofu ya Thika, na wengi katika wao wamekwisha kuwa watu wazima wanaotafuta kazi.

Nawe ndugu yetu wa Bondeni, twakushauri ubadilishe neno lako la siri leo hii, na umtake kijana afute ukurasa ule wa daftari mbele ya mtu umuaminiye. Kisha iandikie ile ofisi. Uieleze kitufe kwa kitufe kama ulivyotueleza sisi, na utaje kifungu cha 31 na cha 54, na kiwango KS 2952, na uweke nakala. Wasipokujibu, uipeleke nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, iliyowekwa kusikiliza malalamiko juu ya afisi za umma na ambayo haidai ada. Usiombe usaidiwe kujaza fomu. Taka fomu itengenezwe. Barua uliyotuandikia sisi yatosha kuwa ushahidi kwamba mwenye kushindwa hapa hukuwa wewe.

Yamebaki mambo ya viziwi, ambao kwao maandishi ya Kiingereza kizito na filamu zisizo na maandishi chini yake ni kizuizi cha namna nyengine, na ndugu mmoja mwenye mwana katika Shule ya Viziwi ya Ngala, hapo hapo Nakuru, ametuahidi maelezo. Tutayatia katika toleo lijalo, Inshaallah.